Watoto Wamelala

Shuka la hospitali huchakaa katikati. Pembeni linabaki imara kama siku lilipotoka kiwandani, lakini pale mgonjwa anapolala, anapojigeuza na kutoka jasho, kitambaa hukonda mpaka ukiweka kiganja upande wa pili unakiona. Wengine hulitupa. Bi Pini hakuwa mtu wa kutupa. Alilichana katikati kwa urefu, akazileta zile kingo mbili imara zikutane, akazishona. Palipokonda pakawa ukingoni, pakapindwa. Shuka likarudi wodini na miaka miwili mingine ya kutumika. Kasoro yake moja tu: mshono ulipita chini ya mgongo wa mgonjwa, na wagonjwa walilalamika.

“Anayeusikia mshono ujue anapona,” Bi Pini aliwajibu waliomletea malalamiko, na cherehani ikaendelea kukimbia.

Jina hilo alipewa kwa sababu ya pini alizochomeka kwenye ukosi wa koti lake la kazi, safu mbili, kama nishani za askari. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ndefu, baada ya chumba cha kufulia na kabla ya chumba cha maiti, kwa hiyo wageni walikuwa wachache na waliokuja hawakukaa. Zamani walikuwa washonaji wawili. Mwenzake alistaafu, akaagwa kwa keki, na hakuletwa mtu badala yake.

Kushona, mtu mmoja anaweza. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya wawili: kila mmoja anashika pembe zake, mnavuta, mnakunja, mnasogeleana mpaka mikono inakutana, mmoja anapokea zote na mwenzake anainama kuokota mkunjo wa chini. Bi Pini alipigilia misumari miwili ukutani, usawa wa mabega ya mtu. Akawa anatundika pembe mbili pale, anarudi kinyumenyume na mbili nyingine, anakunja, anausogelea ukuta. Misumari ilikuwa wafanyakazi wazuri. Haikuchelewa, wala haikumsimulia habari za mawifi. Ila kuna siku alipofika ukutani na pembe zake mkononi alijikuta amesema “Asante,” akageuka haraka kutazama kama mlango uko wazi.

Mara moja kwa mwaka, siku ya wafanyakazi, kikundi cha michezo ya kuigiza cha hospitali kilicheza katika ukumbi wa kantini, mbele ya wafanyakazi na jamaa zao. Mtunzi alikuwa bwana wa masjala, ambaye watu wote walimwita Mafaili. Mume katika kila mchezo alikuwa Fundi Bomba, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na suti. Mke mwaka huu alikuwa Nesi wa wodi ya watoto, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika mwisho wa ukumbi bila msaada. Mama wa Kantini aliigiza mama mkwe, na alisema hahitaji mazoezi.

Bi Pini hakuigiza. Alishona mapazia, na siku ya mchezo alikaa nyuma ya pazia la kushoto na karatasi mapajani, amnong'oneze anayesahau. Kazi hiyo aliiweza kuliko kushona. Aliweza kutofautisha aliyesahau na anayevuta pumzi kwa kutazama visigino vyake tu. Pia ndiye aliyenakili mchezo wote kwa mkono, maana maandishi ya Mafaili yalikuwa kama kuku aliyekanyaga wino akakimbizwa. Bi Pini peke yake aliweza kuyasoma. Nakala yake ndiyo iliyotolewa kopi, kila mmoja akapewa yake.

Mchezo wa mwaka huu ulikuwa wa mke anayeondoka. Mumewe ni mwalimu mkuu, mtu wa heshima, halewi, hapigi. Kosa lake ni kwamba kila mara mke anapoulizwa jambo, yeye ndiye anayejibu. Mgeni akimuuliza mke anakunywa chai au maziwa, mume anasema, “Huyu ni maziwa.” Daktari akimuuliza anaumwa wapi, mume anasema, “Kichwa, kila Jumatatu.” Hivyo hivyo kurasa ishirini na nne, mpaka siku mke anachukua begi na kusimama mlangoni. Mume anamuuliza, “Na watoto?”

Katika maandishi ya Mafaili mwenyewe, mke hakujibu kitu. Alifungua mlango, akatoka, basi.

Bi Pini alipofika hapo katika kunakili, kalamu ilisimama. Alikaa na ile “Na watoto?” muda wa kutosha kuchemsha chai na kuiacha ipoe. Halafu akaandika, kwa mwandiko uleule safi, mstari ambao haukuwa wa Mafaili: *Watoto wamelala. Wakiamka, waambie mama yao hakuwakimbia wao.*

Siku ya kusoma kwa mara ya kwanza Mafaili aliufikia mstari ule akavua miwani, akaifuta. “Hapa,” akasema, “niliandika vizuri.”

Hakuna aliyejua kwamba Bi Pini ana mtoto.

Alikuwa naye, tena mmoja. Miaka kumi na tisa iliyopita alikuwa na mume, nyumba ya vyumba vitatu na msichana wa miaka saba. Mume yule naye hakulewa wala hakupiga. Angepiga, labda mambo yangekuwa rahisi, maana watu wote wanajua kuhesabu makovu. Yeye alichukua cherehani ya mkewe, ambayo Bi Pini alikuja nayo kutoka chuo cha ushonaji, akaifungia stoo, ufunguo akautia mfukoni. “Mke wangu hashonei watu nguo,” alisema, tena kwa upole. Kwa miaka minane alikwenda na ule ufunguo kazini na kurudi nao. Bi Pini alipika, akafua, akapanguza vumbi kwenye mlango wa stoo. Mwaka wa mwisho alianza kusahau maneno. Aliingia jikoni akasimama, hajui kijiko kinaitwaje. Hapo ndipo alipoogopa. Alfajiri moja aliondoka na begi moja.

Alirudi baada ya miezi miwili, akiwa amepata kazi na chumba, kumchukua mtoto. Wifi yake, aliyekuja kumlea, alimzuia getini. “Ameacha kulia wiki iliyopita tu,” wifi alimwambia. “Unataka aanze upya?” Bi Pini aliona hoja ina maana. Akageuka. Mpaka leo hakuwa na hakika kama ilikuwa na maana.

Binti alipofikisha miaka ishirini alipewa namba ya simu na shangazi yake. Tangu hapo walionana mara mbili kwa mwaka, katika mgahawa karibu na stendi. “Shikamoo,” binti alisema, na hapo ndipo ilipoishia. Neno ‘mama’ linalofuata shikamoo hakuwahi kulitamka. “Marahaba. Umekonda.” Halafu habari za kazi, maana binti alikuwa mpima ardhi, na habari za mvua. Mazungumzo yao yalikuwa kama fomu ya mapokezi: jina, umri, unaumwa wapi, weka sahihi. Wakimaliza soda wanaagana. Binti hakuwahi kuuliza kwa nini, na Bi Pini hakuwahi kusema.

Kitu kimoja ndicho kilichomwezesha kuishi miaka yote ile. Alikishika kama mtu anavyoshika ukuta gizani: siku ile mtoto alikuwa amelala. Hakuona chochote. Alilala ana mama, akaamka hana. Ni vibaya, lakini katikati hapakuwa na picha.

Sasa alikuwa amemwalika aje kuutazama mchezo. Hesabu yake ilikuwa ya fundi. Kile alichoshindwa kukisema yeye, Nesi atakisema, kwa sauti yake ile, na mtoto atakisikia akiwa amekaa kwenye kiti kama watu wengine, bila kulazimika kujibu.

*

Tatizo ni kwamba Nesi hakuushika ule mstari.

“Mingine yote naijua,” alisema Alhamisi, mazoezi ya mwisho, baada ya kukwama kwa mara ya tatu. “Mpaka ya mume wangu naijua. Huu unateleza.”

“Mume wako yupi?” aliuliza Fundi Bomba. “Mimi au yule wa nyumbani?”

“Wewe. Yule wa nyumbani hana mistari, ana mkoromo.”

“Mimi nakuambia kwa nini unateleza,” Fundi Bomba alisema, akilegeza tai. “Unateleza kwa sababu huyu mwanamke hana sababu. Nyumba ipo, chakula kipo. Anajibiwa maswali! Mimi nani ananijibia maswali? Ningepata mtu wa kunijibia pale kwa injinia ningelala usingizi.”

“Ndiyo maana umeachwa mara mbili,” alisema Mama wa Kantini.

“Mara moja. Ya pili nilihama mwenyewe.”

“Umeona? Wewe ulihama. Mwanaume akiondoka, amehama. Mwanamke akiondoka, watu wanaingia jikoni kuhesabu vijiko.” Mama wa Kantini alikaa juu ya meza, ikalia. “Lakini na mimi sijamwelewa. Kumwacha mume, sawa, hata mimi wangu nimemwacha mara nyingi kichwani, tena nikiwa namsongea ugali. Watoto je? Si angewabeba?”

“Awapeleke wapi, na begi moja?” aliuliza Mafaili.

“Wewe ndiye uliyempa begi moja! Si ungempa mawili?”

Walicheka. Mafaili akasema jamani, suala si begi, suala ni mtu. Mtu akizama ndani ya nyumba yake, watoto wanafaidi nini kuwa na mama ambaye hayupo naye yupo? Fundi Bomba akasema bora huyo ambaye hayupo naye yupo kuliko kiti kitupu. Kelele zikapanda. Walibishana hivyo kila siku ya mazoezi, na kila siku walimgeukia aliyekaa kimya.

“Bi Pini, sema wewe. Amefanya haki au hakufanya?”

“Kazi yangu kunong'ona,” alisema Bi Pini. “Nesi, rudia kuanzia ‘Na watoto.’”

Nesi hakurudia. Alikuwa anatazama karatasi kwa uso aliotazamia vipimajoto. “Si suala la haki linalonisumbua,” alisema. “Huu mstari una uongo. Nina miaka kumi na mmoja wodi ya watoto. Nyumba yenye jambo, mtoto halali. Mkubwa anaweza kulala, amechoka, lakini mtoto anafumba macho tu na masikio yako wazi. Unajua tunavyowajua? Unainua mkono wake, unauachia. Aliyelala, mkono unaanguka kama gunia. Anayejifanya, mkono unashuka polepole.” Alionyesha kwa mkono wake mwenyewe. “Huyu mama hajainua mkono wa mtu. Amesema ‘wamelala’ ili apate kutoka.”

“Andika mchezo wako,” Mafaili alisema, ameudhika. “Mimi nimesema wamelala, basi wamelala.”

Bi Pini aliinama kuokota pini iliyoanguka. Haikuwa imeanguka.

Jioni ile nyumbani kwake, kwenye chumba chake kimoja, alikaa kitandani kabla jua halijazama na viatu bado mguuni. Aliinua mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauachia. Ukaanguka. Akauinua tena, akajaribu kujifanya. Kweli, ulishuka polepole. Alijaribu mara nyingi, na kadiri alivyojaribu alishindwa kujua ni upi uliolala na upi unaojifanya.

*

Jumamosi saa nane mchana ukumbi ulijaa. Walioko zamu walisimama mlangoni na makoti yao meupe, tayari kuitwa. Mapazia sita ya buluu, ambayo yalikuwa mashuka yaliyoshindikana kurudi wodini, yaliyotiwa rangi na Bi Pini mwenyewe kwenye pipa la kufulia, yalining'inia kwenye waya. Mwanga wa madirishani ulipita ndani yake na kila pazia lilionyesha mshono wake katikati, mstari mweusi kutoka juu hadi chini.

Bi Pini alichungulia. Binti alikuwa amekuja. Safu ya nne, kiti cha dirishani, suruali ya kazini na buti zenye udongo mkavu, mkoba mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Alikuwa anatazama mlango wa jukwaani. Fundi Bomba alileta mlango wa kweli, na fremu na komeo lake, akausimamisha kwa mbao mbili. Ulikuwa mlango mzuri kuliko yote iliyokuwemo katika jengo lile.

Mchezo ulikwenda. Watu walicheka kwenye “Huyu ni maziwa.” Wanawake wa chumba cha kufulia walicheka hadi wakapigana makofi mgongoni, halafu kufikia ukurasa wa kumi na tano kicheko chao kikapungua, kwa sababu mume alikuwa bado anajibu. Bi Pini alifuata kwa kidole. Alimnong'oneza Mama wa Kantini mara moja, naye akamjibu kwa sauti, “Najua, najua,” ukumbi ukaangua kicheko.

Ukurasa wa ishirini na nne. Nesi alichukua begi. Akaenda mlangoni, akashika komeo.

“Na watoto?” alisema Fundi Bomba.

Visigino vya Nesi vikagandamana. Bi Pini aliona. Hakuwa anavuta pumzi, amesahau. Kichwa cha Nesi kikageuka kidogo upande wa kushoto, kwenye pazia, kuomba.

Maneno yalikuwa mapajani pa Bi Pini, kwa mwandiko wake. Alifungua mdomo. Kwenye upenyo wa pazia, kati ya ukingo na fremu, alimwona binti yake safu ya nne. Alikuwa amefumba macho. Uso umetulia, mikono juu ya mkoba, macho yamefumbwa kabisa, kama mtu aliyesinzia. Lakini kope zilikuwa zinatetemeka.

Bi Pini hakunong'ona.

Nje, mahali fulani, ndoo iliburutwa sakafuni. Fundi Bomba, ambaye suti ilikuwa inambana na jasho linamtiririka, alifanya alichoweza. “Nimekuuliza, mama! Na watoto?”

Nesi aliacha kutazama pazia. Aliinua uso. “Hawajalala,” alisema, na sauti yake safari hii haikuwa ya kufika mwisho wa ukumbi, ilikuwa ya chumbani. “Wananisikia.”

Akafungua mlango, akatoka, komeo likajifunga nyuma yake. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

*

“Umemwacha hewani!” Mafaili alimkabili Bi Pini nyuma ya pazia, karatasi mkononi. “Miaka tisa hujawahi kumwacha mtu! Ulikuwa umelala?”

Lakini ukumbini viti vilikuwa vinaburutwa na watu wamekwisha kugawanyika makundi mawili, wengine bado wamesimama juu ya benchi. Dobi mmoja alikuwa anasema yule mama ni katili, anajua kabisa wanamsikia na bado anatoka. Mwenzake akamwambia ndiyo, ila angalau hakusema uongo. Mganga mkuu mwenyewe alimshika Mafaili mkono akamuuliza alipataje wazo la mwisho ule. Mafaili alivua miwani, akaifuta. “Nilikusudia,” alisema.

Bi Pini aliwaacha. Alishusha mapazia kutoka kwenye waya, moja moja, akayabeba yote sita kwenye kifua hadi mwisho wa korido. Alikuwa amekwisha kutundika pembe mbili za pazia la kwanza kwenye misumari aliposikia buti mlangoni.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Umepajuaje huku?”

“Nimeuliza. Wameniambia nikifika kwa maiti nimepitiliza.” Binti alisimama akitazama cherehani, mabunda ya mashuka, misumari. Alitazama misumari kwa muda. Kisha akaweka mkoba sakafuni, akazitoa zile pembe mbili ukutani, akazishika. “Tunakunja vipi?”

“Vuta kwanza. Likaze.”

Walivuta. Binti alikuwa na mikono yenye nguvu, mikono ya kukaza kamba za kupimia.

“Yule nesi amejuaje?” binti aliuliza.

“Amejuaje nini?”

“Kwamba sikuwa nimelala.”

Bi Pini alishika pembe zake. Kitambaa kilikuwa kimekazwa kati yao, na mshono wake katikati.

“Hajui,” alisema mwishowe. “Hajui chochote kuhusu wewe. Hapa hakuna anayejua. Hayo aliyasema yeye mwenyewe. Mimi niliandika kwamba umelala.”

“Uliandika wewe?”

“Mstari huo tu.”

Binti aliitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu aliyepimiwa kiwanja akakuta ni kama alivyokadiria. Wakakunja kwa urefu. Wakakunja tena. “Ulishika viatu mkononi,” alisema. Hakuinua sauti. “Ulikwenda mpaka mlango wa mbele, nikasikia ufunguo. Halafu ukarudi. Ukaingia chumbani kwangu. Nikafumba macho. Nikasema, akinigusa tu, nafumbua.”

Bi Pini alizidi kukaza kitambaa.

“Ulisimama pale kitandani. Nilikuwa nahesabu. Halafu ukanyoosha mkono juu yangu, ukachukua mkasi kwenye rafu.”

Mkasi ulikuwa juu ya meza, karibu na cherehani. Ulikuwa uleule, wa chuo, vipini vyeusi vimemenyeka rangi. Wote wawili hawakuutazama.

“Ningekugusa ningebaki,” alisema Bi Pini.

“Najua. Nimejua nikiwa mkubwa. Sikujua nikiwa na miaka saba.”

“Ningebaki ningekufa. Sisemi kufa kwa kuzikwa. Nilikuwa nasahau majina ya vijiko.” Alisikia maneno yakitoka, mafupi, yaliyokauka, si kama alivyoyapanga miaka yote ile. “Sikuombi uniambie nilifanya haki.”

“Vizuri, kwa sababu siwezi.” Binti alianza kusogea na pembe zake, maana kazi ilidai asogee. “Nimewasikia kule ukumbini. Kila mtu ana jibu. Mimi nimekaa nalo miaka kumi na tisa na sina. Siku nyingine naona ulifanya sawa. Siku nyingine nataka nije nivunje hiyo cherehani.”

“Ni ya hospitali.”

Binti alicheka, kicheko kifupi cha puani ambacho hakukitaka. Alikuwa amefika. Mikono yao ilikutana kwenye pembe. Vidole vya binti vilikuwa vikavu na vyenye vumbi la udongo, vya Bi Pini vimetobolewatobolewa na sindano, na kwa muda vyote vilishika kitambaa kimoja, na hakuna aliyeachia. Bi Pini alimtazama. Macho ya binti yalikuwa wazi, yanamtazama yeye.

Kisha binti akaachia, akainama kuokota mkunjo wa chini. “Lingine,” alisema.

Walikunja matano. Hawakuzungumza tena la maana. Binti aliuliza rangi ile ya buluu alitumia kiasi gani. Bi Pini akamwambia alikosea kipimo, ndiyo maana mengine yameiva zaidi. Kila waliposogeleana mikono ilikutana, kila mara kwa muda uleule wa kazi, usiozidi.

Kwenye la tano honi ililia nje na binti akatazama saa. “Hilo ndilo gari la mwisho la kwetu,” alisema. Akachukua mkoba. Mlangoni alisimama, mgongo kwa chumba, mkono kwenye fremu. “Siku nyingine usiseme nimekonda. Sijakonda. Ndivyo nilivyo.”

“Sitasema.”

“Haya.” Alisubiri kidogo, kama kuna neno lililokuwa linatakiwa kuja likachelewa. Halikuja. Buti zake zikaenda na korido, zikapita kwa dobi, zikafifia.

Bi Pini alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua pazia la sita, akatundika pembe zake mbili kwenye misumari, akarudi kinyumenyume na zile nyingine mpaka likakaza. Akakunja, akausogelea ukuta. Alipofika alishika pembe zote nne kwa pamoja, akasimama hapo, na safari hii hakusema asante. Aliinama mwenyewe, akaokota mkunjo wa chini.